Bunduki ya Springi Imepoa: Kabla Hujampelekea Fundi Pistoni

Haupiti mwezi bila mtu kuniomba nimwelekeze kwa fundi wa leithi (mashine ya kukereza chuma) pale Kariobangi Light Industries, Nairobi, amkerezee pistoni ya bunduki ya hewa. Mmoja anataka ipunguzwe uzito, mwingine anataka iongezwe, wa tatu ameona picha ya pistoni iliyotiwa vifungo vya plastiki na sasa hapati usingizi. Nikiuliza bunduki ina ugonjwa gani, jibu ni lile lile: "Haina nguvu, kaka."

Haya basi. Bunduki nyingi nilizofungua kwa kesi ya pistoni zilikutwa na kosa la sili, ile inayoziba hewa isivuje, au la mhimili, ile fimbo iliyo ndani ya springi. Nyingine hazikuwa na kosa lolote. Ni Nairobi tu, na hilo nitalieleza.

Ninachukulia kwamba karatasi zako ziko sawa chini ya Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114, na kwamba huna mpango wa kupanda matatu na bunduki begani. Kinachokwenda kwa fundi ni pistoni peke yake, imefungwa kwa gazeti. Bunduki inabaki nyumbani imefungiwa. Jingine: springi imebanwa hata kabla hujakoki. Ukitoa pini ya nyuma bila kibano cha kuizuia, mfuniko unaruka kwa nguvu ya kung'oa meno. Seremala yeyote anaweza kukutengenezea kibano cha mbao chenye skrubu ndefu. Kama huna, usifungue.

Kinachotokea ndani

Kumbuka pampu ya baiskeli. Ukiziba mdomo wake kwa kidole gumba ukasukuma haraka, kidole kinasikia moto na mpini unakurudisha. Bunduki hii ni pampu hiyo hiyo, ila anayesukuma ni springi na mambo yote yanakwisha kabla hujapepesa jicho. Pistoni inakimbia mbele, hewa inabanwa na kuchemka, inapenya tundu la milimita tatu au nne hivi, peleti (kirisasi cha bunduki ya hewa) inang'oka. Pistoni haitakiwi kugonga ukuta wa mbele wa silinda. Inatakiwa kutua juu ya mto wa hewa. Mto ukiwa mwembamba, chuma kinagonga chuma. Mto ukiwa mgumu kupita kiasi, pistoni inadunda nyuma kama mpira kisha inakwenda mbele mara ya pili, na nguvu inapotelea hapo. Shika habari ya mto huu, tutairudia.

Pima kwanza

Piga peleti kumi za mkebe mmoja mbele ya kipima mwendo, uandike zote kumi. Usiandike ile iliyokufurahisha tu. Unatafuta vitu viwili: wastani, na tofauti kati ya peleti ya kasi kuliko zote na ya polepole kuliko zote. Peleti ya gramu 0.547, ile ya 4.5 mm inayopatikana kwa wingi, ikitoka kwa mita 240 kwa sekunde ina takriban jouli 15.8. Ikishuka hadi 225 inabaki na 13.8. Mita kumi na tano tu zimekula jouli mbili, kwa sababu nishati inafuata mraba wa kasi. Ndiyo maana sikio haliwezi kukuamulia. Kama huna kipima mwendo, azima. Wenye nacho hawakosekani uwanja wa shabaha, na kukiazima ni nafuu kuliko kukereza chuma kwa kubahatisha.

Dalili: mwendo uko chini, lakini haurukiruki

Peleti kumi zimekwenda karibu sawa, ila ziko chini ya namba ya kwenye kasha. Wengi wanaharibia hapa.

Namba ya kwenye kasha mara nyingi hupatikana kwa peleti nyepesi sana ambayo wewe huitumii. Hiyo ni sababu ya kwanza, na haina dawa wala haihitaji. Sababu ya pili iko chini ya miguu yako. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa hapa ni kama asilimia 80 hivi ya ile ya Mombasa. Silinda yako inavuta ujazo ule ule, lakini hewa iliyomo ni pungufu kwa karibu moja ya tano. Bunduki za gesi iliyojazwa kwenye tangi zinabeba hewa yao wenyewe, hazijali sana. Ya springi inakula ilichokikuta. Ipeleke Limuru, juu zaidi ya mita 2,000, itashuka tena kidogo. Teremka nayo Mtwapa, pwani, itapanda bila kuguswa na bisibisi. (Fidia ipo: hewa nyembamba inaikaba peleti kidogo zaidi ikiwa njiani, kwa hiyo sehemu ya ulichokosa mdomoni mwa mtutu unarudishiwa kwenye shabaha.)

Sababu ya tatu, hasa kwa bunduki iliyonunuliwa mkononi: angalia chuma cha juu ya kitako kama kuna herufi F ndani ya pembe tano. Hiyo ni alama ya soko la Ujerumani, ambako kikomo cha bunduki ya namna hiyo ni jouli 7.5. Bunduki haiumwi, ilizaliwa hivyo. Uingereza kikomo ni futi-pauni 12, yaani kama jouli 16, kwa hiyo hata modeli ile ile hutofautiana kulingana na ilikotengenezewa kuuzwa.

Sasa kosa lenyewe. Mtu anaona mwendo uko chini, anatia springi kali zaidi, au anaongeza washa (pete bapa) nyuma ya springi, au anampelekea fundi pistoni. Lakini hewa ni ile ile chache. Springi kali inaitupa pistoni kwenye mto ambao tayari ni mwembamba, pistoni inagonga, na badala ya kupata mita ishirini anapata mita nne pamoja na teke la punda. Kama shida yako ni hii tu, funga ukurasa. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977. Tunapiga karatasi na mikebe, na karatasi haijawahi kulalamika kwamba imetobolewa kwa jouli 13.

Dalili: mwendo unarukaruka

Peleti ya kwanza 238, ya pili 221, ya tatu 233. Hapa kweli kuna mgonjwa, na karibu kila mara ni hewa inayovuja.

Anza mahali pa bei rahisi. Ingiza peleti kwa kidole. Ikizama yenyewe bila kusukumwa, mtutu wako hautaki aina hiyo ya peleti. Badilisha mkebe. Halafu chukua kipande chembamba cha tishu, kiweke juu ya maungio ya mtutu na silinda bunduki ikiwa imefungwa, elekeza mahali salama, piga. Tishu ikipeperuka, washa ndogo ya kuziba hewa iliyo nyuma ya mtutu, kwenye maungio hayo, imechoka. Hiyo unaweza kuitoa kwa sindano na kuweka nyingine baada ya chai.

Tishu isipotikisika, shuku sili ya pistoni. Bunduki za zamani, kama Diana 27 ambazo bado zinatoka kwenye makabati ya wazee huku Nairobi, zina sili ya ngozi. Ngozi ikikauka inakuwa kama kiatu kilichosahauliwa juani. Tone mbili tatu za mafuta kupitia tundu la hewa, bunduki isimame wima usiku kucha, na mara nyingi mwendo unarudi wenyewe. Sili ya plastiki ni kinyume chake: haitaki mafuta mbele yake kabisa. Ukiifungua ukaikuta imeliwa pembeni, imeungua au ina ufa, nunua sili ya modeli yako. Usikubali fundi akukatie ya mpira wa hose. Nimeziona. Zinadumu wikendi moja.

Umeona? Mpaka hapa pistoni haijaguswa.

Dalili: moshi, harufu ya kuungua, mlio kama wa bastola

Mafuta yameingia mbele ya pistoni na yanawaka kwa joto la hewa iliyobanwa, kama dizeli ndani ya injini. Jamaa mmoja alimwaga mafuta ya cherehani tunduni "ili ilainike", akapiga, majirani wakatoka nje. Kipima mwendo kitakuonyesha namba za kuvutia. Usizishangilie: moto huo unachoma sili. Fungua, futa silinda mpaka kitambaa kitoke safi, paka grisi kwa uchoyo. Basi.

Dalili: mlio wa zeze baada ya kupiga

Unafyatua, kisha unasikia springi ikiimba "twiiing" ndani ya kitako, na shavu linasikia mtetemo. Hii ndiyo dalili ambayo mashine ya kukereza inakulipa pesa yako, ila kinachokerezwa ni mhimili, ile fimbo iliyo ndani ya springi kwa nyuma.

Mihimili mingi ya kiwandani imelegea ndani ya springi. Springi ikiachiwa inapinda na kupiga kuta. Dawa ni mhimili mpya wa plastiki ngumu kama Delrin, uliokerezwa kufuata springi yako wewe, si ya jirani. Pima kipenyo cha ndani cha springi kwa kalipa, sehemu tatu tofauti, kwa sababu springi haiko sawa mwanzo hadi mwisho. Mwambie fundi uingie kwa kusukumwa na mkono, bila nyundo na bila kuchezacheza. Fundi wa Kariobangi aliyezoea kukereza bushi za matatu atakuelewa mara moja ukimwambia "fiti ya kusukuma". Mpelekee na springi yenyewe ajaribishie pale pale. Upande wa mbele, ndani ya pistoni, kofia ndogo ya plastiki hiyo hiyo inafanya kazi ile ile.

Kabla ya kufunga, hakikisha springi haina ncha iliyopinda. Iviringishe juu ya kioo cha dirisha. Ikiyumba kama gurudumu lenye ringi iliyopinda, mhimili mzuri hautaiokoa.

Nimefanya hivi kwenye Diana 34 yangu, na mabadiliko yake yalizidi kila kitu nilichowahi kufanya kwenye pistoni. Mwendo haukubadilika hata kwa mita mbili. Kilichobadilika ni kwamba mashimo matano kwenye karatasi yakawa yanafunikwa na sarafu.

Dalili: ukikoki inakwaruza

Unasikia chuma kikisaga chuma mkononi. Toa pistoni uiangalie juani. Mistari mirefu inayong'aa upande mmoja wa sketi ya nyuma maana yake pistoni inakwenda imeinama, inaburuza silinda. Mara nyingi chanzo ni miba ya chuma iliyoachwa kiwandani kwenye kingo za mfereji wa wenzo wa kukokia. Pitisha kidole taratibu (taratibu, ni wembe). Ondoa miba kwa tupa laini na msasa, osha kila chembe, paka grisi yenye molibdenamu kwenye sketi. Tisa kati ya kumi zinapona hapo.

Ya kumi ndiyo inayostahili vifungo. Hii ni kazi ya pistoni ninayoiheshimu. Sketi ya nyuma inatobolewa matundu matatu au manne yaliyogawana mzunguko, kila tundu linatiwa kifungo cha plastiki ngumu kinachochomoza kidogo sana, halafu pistoni nzima inarudishwa kwenye leithi vifungo vikerezwe kwa pamoja mpaka viingie silindani bila kucheza. Sasa pistoni inatembea juu ya plastiki, chuma hakigusi chuma, sili inakaa katikati. Ukikoki unasikia kimya. Lakini vifungo vikizidi unene hata kwa upana wa unywele, pistoni inabanwa na mwendo unakufa. Vikipungua, umetoboa pistoni bure. Muulize fundi anapimia nini. Akikuonyesha rula, mshukuru, ondoka. Na vifungo visipite mbele ya mwisho wa mfereji wa wenzo, vitanyolewa siku ya kwanza.

Dalili: teke kali, darubini inasogea, skrubu zinalegea

Hapa ndipo uzito wa pistoni unapoingia kweli, na ndipo mimi nilipoungua.

Bunduki ya springi ina mateke mawili. La kwanza linarudi begani pistoni inapoanza mbio. La pili linakwenda mbele pistoni inaposimamishwa. Hilo la pili ndilo linaloua darubini. Kabla ya kulaumu uzito, tambua kama pistoni inagonga au inadunda.

Ikigonga, utasikia kishindo kikavu cha chuma, na sili ukiitoa ina uso uliopigwa bapa. Peleti nyepesi zinazidisha, peleti nzito zinatuliza, kwa sababu peleti nzito inachelewa kung'oka na mto unapata muda wa kujaa. Ikidunda, teke ni la kutetemeka zaidi kuliko la kishindo, na ukipima nishati unaona inashuka wazi kila unapopanda uzito wa peleti. Kwa mwinuko wetu, ugonjwa wa kawaida ni wa kugonga. Hewa chache, mto mwembamba.

Sasa hesabu za pistoni. Pistoni nyepesi inashika kasi haraka na kumaliza safari mapema, lakini inarudishwa kirahisi na mto: hudunda. Nzito inachelewa kuanza, na ikishaanza ni kama lori la mchanga kwenye mteremko wa Limuru, haisimami kirahisi: hugonga. Hakuna uzito mtakatifu. Kuna uzito unaopatana na springi, tundu, peleti na hewa uliyonayo. Ukibadilisha kimoja umebadilisha vyote.

Mimi nilikuwa na bunduki iliyokuwa ikigonga. Nikasoma kwamba nyepesi ni bora, nikampelekea fundi, akatoboa sketi ya pistoni matundu kumi na mawili kama chujio. Shilingi 3,000. Niliporudisha, kishindo kilipungua, nikafurahi siku mbili. Kisha kipima mwendo kikaniambia wastani umeshuka, na peleti nzito nilizozizoea zikaanza kutawanyika: sasa ilikuwa inadunda. Nikatia springi kali kufidia. Ikagonga na kudunda kwa zamu, kutegemea mkebe wa peleti. Wiki ya tatu nikagundua kwamba bunduki tangu mwanzo ilikuwa na washa mbili za chuma nyuma ya springi, zilizowekwa na mwenye nayo wa kwanza. Nikanunua pistoni nyingine, nikatoa washa zote mbili, ikatulia. Fundi hakukosea. Alitoboa nilichomwambia atoboe.

Kwa hiyo fuata mpangilio huu, na usiruke. Badilisha peleti. Toa washa za ziada. Kama kofia ya mbele ya springi ni ya chuma, weka ya plastiki, maana nayo inasafiri na pistoni na uzito wake unahesabiwa. Gramu ishirini hapo zinaondoka bila kutoboa kitu, na ukitaka kuzirudisha unazirudisha. Pima baada ya kila hatua. Ukifika mwisho na bado inagonga, hapo pistoni nyepesi ina hoja. Nunua pistoni ya akiba kwanza, ukaitoboe hiyo.

Kuna wanaokwenda mbali zaidi: wanatia silinda ndani ya silinda ili kupunguza kipenyo, au wanafupisha safari ya pistoni. Kwa Mwingereza aliyefungwa na kikomo chake, anayetaka jouli zile zile kwa teke dogo zaidi, ina maana. Kwa mtu wa Nairobi ambaye hewa yake tayari ni pungufu, kupunguza ujazo ni kujinyang'anya tonge mdomoni.

Dalili: haishiki ukikoki, au inajifyatua

Hii haina majaribio. Acha kuitumia leo.

Nyuma ya pistoni kuna fimbo au pembe inayodakwa na mtambo wa kifyatuo. Chuma hicho kimechomwa kikawa kigumu kiwandani. Pistoni ikipashwa moto wa kuchomelea, au fimbo ikisuguliwa "ili kifyatuo kilainike", ugumu unaondoka na pembe inaanza kujilainisha yenyewe kila unapokoki. Siku moja itaachia mtutu ukiwa bado umefunguliwa, ufunge kwa kishindo na kupinda. Kwa bunduki za wenzo wa chini, ambazo silinda inarudi nyuma ili uweke peleti, vidole vyako ndivyo vitakuwa katikati. Kwa bunduki za aina hiyo shika wenzo kwa mkono mmoja muda wote unapoweka peleti, hata kama ni mpya.

Ukinunua bunduki ya mkononi, omba kuona pistoni. Ukikuta rangi ya buluu au kahawia ya kuchomelewa karibu na hiyo fimbo, usiulize bei ya kuirekebisha. Ulizia bei ya pistoni mpya, uitoe kwenye bei ya bunduki.

Baada ya kufunga

Sili mpya ina siku zake za ugeni. Peleti mia moja za kwanza usiziandike kama hukumu. Kaza skrubu za kitako baada ya ishirini, tena baada ya hamsini. Halafu rudia zile kumi mbele ya kipima mwendo, mkebe ule ule wa mwanzo, na uweke karatasi hizo mbili pamoja. Ile ya zamani usiitupe. Sehemu za asili nazo zifunge kwa kitambaa chenye mafuta, uziandike ni za bunduki gani, uziweke mahali ambapo watoto hawafiki.